Askari wa Mwili na Kansa ya Ovari



Katika kila wilaya mwalimu na mtumishi wa serikali wana kazi moja ambayo haikuandikwa katika barua zao za ajira. Wao ndio wanaoletewa karatasi za hospitali ili wazisome. Mama amerudi kutoka hospitali ya rufaa na bahasha. Ndani yake mna maneno ya Kiingereza na Kilatini. Jioni jamaa wanakusanyika, na mtoto anatumwa kwenda kumwita mwalimu. Siku hizi pamoja na bahasha huja na habari nyingine. Kijana wa ukoo aliyeko mjini amesoma kwamba ng'ambo wamegundua namna ya kutoa chembe nyeupe za damu ya mgonjwa, kuzibadili urithi wake, na kuzirudisha mwilini ziende zikaue kansa. Bei yake pia ameisoma. Swali linalomsubiri mwalimu ni moja: shamba liuzwe au lisiuzwe?

Ikiwa kansa hiyo ni ya ovari, jibu la haraka ni kwamba lisiuzwe. Lakini jibu la haraka halimtoshi mtu mwenye mgonjwa nyumbani, kwa maana habari aliyoisoma kijana yule si uongo. Tiba hiyo ipo, na wako watu waliokwisha kukatiwa tamaa na madaktari ambao leo wanatembea kwa sababu yake. Yapasa basi ielezwe kwa nini silaha iliyoshinda kansa fulani za damu imekuwa ikigonga mwamba kila ilipoelekezwa kwenye ovari. Na katika maelezo hayo jaribio lililoshindwa lina mafunzo mengi kuliko majaribio kadhaa yaliyofaulu.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Ovari ni viungo viwili vidogo vya mwanamke vinavyotoa mayai ya uzazi, kila kimoja kiasi cha lozi, navyo vimekaa ndani kabisa ya nyonga. Kansa ikianza hapo, au katika mirija ya uzazi iliyo jirani, ambako wataalamu sasa wanaamini kwamba kansa nyingi za aina kali huanzia, inakuta nafasi kubwa ya tumbo mbele yake na haina kitu cha kuisonga. Tumbo hujaa gesi, mtu hushiba upesi, huenda haja ndogo mara kwa mara, mgongo humuuma. Ni dalili ambazo kila mwanamke wa makamo amepata kuzisikia, nazo humpeleka dukani kununua dawa ya tumbo. Siku tumbo linapovimba kwa maji, mara nyingi kansa imekwisha kutapakaa juu ya utando wa tumbo kama mbegu zilizomwagwa shambani. Katika mwaka 2022 wanawake zaidi ya 320,000 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 200,000 walifariki kwa sababu yake.

Yumkini mtu atauliza: kwa nini wanawake wote wasipimwe mapema? Waingereza waliuliza hivyo hivyo, nao hawakuishia kuuliza. Kati ya mwaka 2001 na 2005 waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 74. Wengine walipimwa kila mwaka kemikali iitwayo CA-125 katika damu, wengine walipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na wengine hawakupimwa ili wawe kipimo cha kulinganishia. Matokeo ya mwisho yalitangazwa mwaka 2021. Vipimo vya damu viligundua baadhi ya kansa mapema zaidi, lakini idadi ya vifo haikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Hili ni jambo zito ambalo aghalabu husahauliwa na wale wanaodhani kwamba kila ugonjwa hutibika endapo tu utawahiwa.

Tiba ya kawaida ni upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, na baada yake dawa zenye madini ya platinamu. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, sisplatini, ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alikuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria, akaona kwamba wameacha kugawanyika. Kumbe kilichowazuia hakikuwa umeme, bali platinamu iliyokuwa ikimomonyoka kutoka katika vipande vya chuma vilivyopitishia umeme huo. Mwaka 1978 sisplatini iliruhusiwa Marekani kwa kansa za korodani na za ovari. Mpaka leo dawa hiyo na ndugu yake kaboplatini ndizo nguzo ya matibabu. Wanawake wengi hupata nafuu kubwa kwa dawa hizo. Msiba ni kwamba kwa walio wengi kati ya wale waliogunduliwa wakiwa wamechelewa, kansa hurudi, na kila inaporudi huwa imezidi kuizoea dawa, mpaka siku dawa inapokuwa kama maji.

Hapo ndipo macho ya watafiti yalipogeukia askari wa mwili wenyewe. Katika damu ya kila mtu zimo chembe nyeupe za aina nyingi, na miongoni mwake zipo ziitwazo seli T. Kazi yake ni kufanya doria. Seli T hupita ikigusa seli moja baada ya nyingine, ikikagua vipande vya protini ambavyo kila seli huvitoa nje kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Ikikuta kitambulisho cha virusi, au cha seli iliyoharibika, huitoboa seli hiyo na kuiua. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuchunguza uvimbe wa kansa ya ovari kutoka kwa wagonjwa 186. Waliokuwa na seli T ndani ya uvimbe wao, asilimia 38 walikuwa hai baada ya miaka 5. Wasiokuwa nazo, waliobaki hai walikuwa asilimia 4.5. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kupuuzwa. Ilikuwa ishara kwamba mwili unapambana na kansa hii, na kwamba askari wakifika uwanjani hali ya mgonjwa hubadilika.

Taabu ni kuwafikisha. Kansa ni seli ya mwili uleule iliyoasi, nayo inajua hila za nyumbani. Moja ya hila zake ni kuacha kuonyesha kitambulisho. Seli T hupita kando yake bila kushuku lolote. Mwili hata hivyo una walinzi wengine, kingamwili, ambazo si seli bali ni protini zinazoelea katika damu. Hizo hazihitaji kuonyeshwa kitambulisho. Hunasa moja kwa moja umbo lililo juu ya seli. Zina macho makali, ila mkono wake wa kuua ni dhaifu. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake Gideon Gross na Tova Waks, wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli, walichapisha habari za kazi iliyounganisha viwili hivyo. Walichukua jeni, yaani maagizo ya urithi, ya sehemu ya kingamwili inayonasa, wakaziunga na jeni za kipokezi cha seli T, wakaziingiza ndani ya seli T. Seli ikajenga juu ya ngozi yake kipokezi kisichopata kuwako katika maumbile: jicho la kingamwili lililofungwa kwenye mkono wa seli T.

Eshhar baadaye alishirikiana na kundi la Steven Rosenberg katika Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, mjini Bethesda, jimbo la Maryland. Kundi hilo ndilo lililochagua ovari. Walihitaji alama juu ya seli ya kansa ambayo haipatikani kwa wingi mahali pengine, wakaiona katika kipokezi cha foleti cha aina ya alfa. Foleti ni vitamini iliyomo katika mboga za majani, na kila seli inayogawanyika inaihitaji. Seli nyingi za kansa ya ovari, kwa uroho wake, hujaza vipokezi vyake juu ya ngozi yake. Seli za kawaida zilizo na kipokezi hicho ni chache, kama vile za figo na mapafu, na nyingi kati ya hizo hukiweka upande usioelekea damu. Mwaka 1993 Patrick Hwu na wenzake walionyesha maabarani kwamba seli T zilizopewa jicho la kukiona kipokezi hicho huua seli za kansa ya ovari. Ndani ya chupa za maabara ushindi ulikuwa dhahiri.

Ripoti ya kuwapa wagonjwa ilitoka mwaka 2006, mwandishi wake wa kwanza akiwa Michael Kershaw. Wagonjwa walikuwa 14, wote wenye kansa iliyotapakaa. Kila mmoja alitolewa damu, seli zake zikaingizwa jeni mpya kwa kutumia virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana, zikazalishwa mpaka zikafikia mabilioni, kisha akarudishiwa. Wanane walipewa seli hizo pamoja na vipimo vikubwa vya intalukini 2, kemikali ambayo kwa kawaida huzipa seli T nguvu ya kuongezeka. Wengine 6 walifanyiwa jambo la werevu zaidi. Seli zao zilichaguliwa ziwe na macho mawili, moja la kuona kansa na jingine, lile la asili, la kuona chembe za damu za mtu mwingine. Kisha wakachomwa sindano ya chembe za mtu huyo, ili seli T zihamaki, ziongezeke, na zikiwa katika hamaki hiyo ziikute kansa njiani.

Hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua.

Sentensi hiyo ingeweza kuwa mwisho wa habari, na kwa magazeti mengi ya ulimwengu ilikuwa hivyo. Lakini watafiti wale walifanya kazi ambayo mwalimu wa sayansi angependa wanafunzi wake waione: walifuata nyayo za kushindwa kwao hatua kwa hatua. Waliwapima wagonjwa damu, wakakuta kwamba seli zilizobadilishwa zilikuwa nyingi mno katika siku 2 za kwanza, kisha zikapungua kwa kasi, na baada ya mwezi mmoja kwa walio wengi zilikuwa hazionekani ila kwa shida. Walizitia baadhi ya seli alama ya madini ya indiamu yenye mnururisho ili waone zinakokwenda. Isipokuwa kwa mgonjwa mmoja ambaye alama kidogo ilionekana katika uvimbe wa tumboni, seli hazikukusanyika kwenye kansa. Waliichunguza pia majimaji ya damu ya wagonjwa 6, na katika 3 kati yao wakakuta kitu kilichojitokeza wakati wa matibabu ambacho kiliwazuia askari wale wasiitambue kansa. Jicho lenyewe lilitokana na kingamwili ya panya. Si ajabu mwili wa binadamu kulikataa jicho la panya.

Kwa hiyo sababu zilikuwa tatu. Askari walikufa mapema, hawakufika vitani, na baadhi yao walipofushwa njiani. Madhara nayo yalikuwapo: wagonjwa 5 wa kundi la kwanza walipata madhara makali, yumkini kwa sababu ya intalukini, ingawa yaliweza kudhibitiwa. Wapo watafiti, na yapo makampuni, ambayo yangeyafungia kabatini matokeo ya namna hii. Taasisi ya Bethesda iliyachapisha yote, na kwa kufanya hivyo iliwaokolea wengine miaka.

Maana wengine walikuwa wamekwisha kuanza kurekebisha. Ilifahamika kwamba seli T haipigani kwa amri moja. Amri ya kwanza huiambia: adui ni huyu. Amri ya pili huiambia: kaa, zaana, usichoke. Kipokezi cha Bethesda kilikuwa na amri ya kwanza peke yake. Carl June na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitumia kipokezi chenye amri zote mbili, tena wakawapa wagonjwa kwanza dawa za kupunguza chembe nyeupe zilizokuwamo, ili wageni wapate nafasi ya kukaa. Hawakuanza na ovari. Walianza na kansa ya damu mwaka 2010, wakachapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 3 wa kwanza, na mwaka 2012 mtoto wa kike wa miaka 6, ambaye dawa zote zilikuwa zimemshinda, alitibiwa katika hospitali ya watoto ya Philadelphia na akapona. Tarehe 30 Agosti 2017 tiba hiyo ikaruhusiwa Marekani. Hii ndiyo habari aliyoisoma kijana wa ukoo.

Sasa, kwa nini damu na si ovari? Kansa ile ya damu hutokana na seli B, ambazo zote zina alama iitwayo CD19. Seli T zilizobadilishwa huua kila chenye CD19, kansa na seli B nzima pamoja, bila ubaguzi. Lakini mtu anaweza kuishi bila seli B, mradi apewe kingamwili za kuchanjwa kila baada ya muda. Ni kama kuteketeza kijiji kizima ili kumpata mhalifu mmoja, katika kijiji ambacho taifa linaweza kuishi bila nacho. Ovari haina alama ya namna hiyo. Alama nyingi zilizoko juu ya kansa yake ziko pia, kwa uchache, juu ya viungo ambavyo bila hivyo hakuna uhai.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2010 madaktari wa taasisi ileile ya Bethesda walitoa taarifa ya mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana iliyokuwa imeenea kwenye mapafu na ini. Alipewa seli T bilioni 10 zenye jicho la kuona alama iitwayo HER2. Katika dakika 15 pumzi ikaanza kumpaa, na baada ya siku 5 akafariki. Inaaminika kwamba seli zilikuta alama hiyo, kwa kiasi kidogo tu, juu ya mapafu mazima. Tangu hapo hakuna mtafiti mwenye akili anayeanza na vipimo vikubwa.

Kisha kuna uwanja wenyewe wa vita. Askari wa kansa ya damu humwagwa katika damu na hapo hapo hukutana na adui. Askari wa ovari lazima atoke katika mshipa, apenye, aingie ndani ya uvimbe mgumu, na akifika humo hukuta hewa kidogo, chakula kidogo, na kemikali zinazomwamuru alale. Hukuta pia seli T nyingine zilizogeuzwa na kansa kuwa walinzi wake. Mwaka 2004 uchunguzi wa wagonjwa 104 wa kansa ya ovari ulionyesha kwamba kadiri walinzi hao walivyokuwa wengi ndani ya uvimbe, ndivyo maisha ya mgonjwa yalivyokuwa mafupi. Ni vita ya msituni ambamo wenyeji wamenunuliwa.

Ndiyo maana kazi ya miaka ya karibuni imekuwa ya uvumilivu, nayo haifai kupambwa. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering mjini New York walichagua alama iitwayo MUC16, ambayo ndiyo mzazi wa CA-125, wakazipa seli uwezo wa kutoa intalukini 12 ili ziamshe askari wengine, na baadhi ya seli wakazimwaga moja kwa moja tumboni badala ya kuzitia mshipani. Wa Pennsylvania walijaribu alama ya mesothelini. Mwaka 2019 walitoa taarifa ya wagonjwa 15, watano wao wakiwa wa ovari, na tokeo bora lililopatikana lilikuwa uvimbe kutokua kwa muda. Huko Tampa, Florida, tangu mwaka 2022 wanajaribu alama ya homoni ya uzazi ambayo kwa mtu mzima wa kike haipatikani kwa wingi ila kwenye ovari zenyewe. Wajerumani, kampuni ya BioNTech ikiwamo, walichagua alama ya klaudini 6, ambayo huonekana katika kiumbe kilichoko tumboni na kisha hutoweka mtu akizaliwa, wakaiunga na chanjo ya kuzikumbusha seli T kazi yake. Taarifa yao ya mwaka 2023 ilihusu wagonjwa 22, wengi wao wa kansa ya korodani na wachache wa ovari; kati ya 21 walioweza kupimwa, 7 uvimbe wao ulipungua, na mmoja ukatoweka. Hiyo ni hatua. Kuiita ushindi ni kuidanganya nafsi.

Jambo moja la kushangaza linastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Ile alama ya foleti iliyochaguliwa Bethesda, ambayo ilionekana kama imefeli, haikuwa imefeli. Wengine waliichukua, wakaachana na seli, wakatengeneza kingamwili iliyobebeshwa sumu. Kingamwili hunasa kipokezi cha foleti, seli ya kansa huimeza kama inavyomeza vitamini, na sumu hufunguka ndani. Dawa hiyo, mirvetuximab soravtansine, iliruhusiwa kwa masharti nchini Marekani mwaka 2022 na kwa ukamilifu mwaka 2024. Katika jaribio la wanawake 453 ambao kansa yao ilikuwa imeshazoea platinamu, nusu ya waliopewa dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 16, wakati kwa waliopewa dawa za kawaida ilikuwa karibu miezi 13. Miezi mitatu na ushei. Mtu mwenye afya huidharau. Mama anayengoja binti yake amalize masomo haidharau. Mlango, basi, ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na aliyetumwa kuubisha ndiye hakuwa amekomaa.

Sasa bei, kwa kuwa shamba bado linangoja uamuzi. Tiba ya seli iliyoruhusiwa mwaka 2017 ilitangazwa kwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, mbali na gharama za kulazwa. Watetezi wake husema kila mgonjwa anatengenezewa dawa yake peke yake: seli hutolewa, hugandishwa, husafirishwa kwa ndege hadi kiwandani, hubadilishwa, hupimwa, hurudishwa. Ni kweli, kazi hiyo ni ghali. Lakini si kweli kwamba gharama yote ya kuvumbua ilitoka katika mifuko ya wenye hisa. Bethesda ni taasisi ya umma, inayolipwa kwa kodi za wafanyakazi wa Marekani. Mgonjwa wa kwanza wa kansa ya tezi aliyetibiwa humo kwa seli za CD19 alitibiwa mwaka 2009. Mwaka 2012 kampuni iitwayo Kite ilitia saini mkataba wa ushirikiano na taasisi hiyo, na mwaka 2017, kabla hata dawa yake haijaruhusiwa, ikakubali kununuliwa na Gilead kwa dola bilioni 11.9. Mlipa kodi aliyegharimia mbegu anauziwa mavuno kwa bei ya mgeni. Watu wa Marekani wenyewe wanalalamika juu ya hilo, na wana haki.

India imeonyesha njia nyingine. Taasisi ya Teknolojia ya mjini Bombay na hospitali ya kansa ya Tata Memorial zilitengeneza seli zake zenyewe za CD19, zikaruhusiwa Oktoba 2023, na bei yake ikawa kiasi cha dola 50,000, karibu sehemu moja ya kumi. Bado ni fedha nyingi kupita kiasi kwa familia ya mkulima. Hata hivyo imedhihirisha kwamba dola 475,000 haikuwa sheria ya maumbile. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaopelekwa nje hupelekwa India, wapo watakaopita karibu na tiba hii na kuisikia kwa masikio yao. Ikumbukwe kwamba nayo ni ya kansa za damu zitokanazo na seli B. Kwa ovari haina jicho.

Hadi mwaka 2025 hakukuwa na tiba hata moja ya seli za namna hii iliyoruhusiwa kwa kansa ya ovari. Yote yaliyokuwapo yalikuwa majaribio. Na jaribio la kweli kwa kawaida halimdai mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Humpa karatasi ndefu inayoeleza hatari, na humruhusu kujitoa siku yoyote. Anayeomba fedha za shamba ili ampe mtu "seli za kisasa" za ovari anauza kitu ambacho wenye elimu hiyo bado hawajakipata. Hata kwa kansa za damu hatari zipo: mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuchunguza habari za wagonjwa wachache waliopata kansa mpya ya seli T baada ya tiba hiyo, na mwaka 2024 ikaamuru onyo lichapwe kwenye dawa zote za jamii hiyo.

Mwalimu aliyeitwa jioni ile ana maneno mengine ya kusema, yasiyo na mvuto wa gazeti. Sisplatini, kaboplatini na paklitakseli zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na leo ikiwa taasisi ya taifa ya kansa, hutibu kwa dawa za kansa na kwa mionzi. Mwanamke mwenye tumbo linalovimba wiki baada ya wiki anahitaji kufika mikononi mwa daktari anayeweza kumpasua vizuri na kumpa platinamu kwa ratiba bila kukatizwa. Mganga wa dawa za gesi hamfai. Tofauti kati ya aliyepata dozi zote na aliyepata mbili akakosa nauli ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyokwisha kuletwa na seli T katika ovari, na tofauti hiyo iko ndani ya uwezo wa bajeti, wa bohari ya dawa, na wa afisa anayeidhinisha ruhusa ya mtumishi kwenda kliniki. Anayeketi katika ofisi hiyo anajijua.

Watafiti nao hawajalala. Wapo wanaojaribu kuachana na kiwanda kabisa: badala ya kutoa seli, wanaweka maagizo ya urithi ndani ya virusi au ndani ya vitone vidogo vya mafuta, wanamchoma mgonjwa sindano, na seli T zinabadilika zikiwa humo humo mwilini. Majaribio kwa wagonjwa wa kansa za damu yamekwisha kuanza. Njia hiyo ikifaulu, dawa itakaa katika chupa na kusafirishwa kama chanjo, na hesabu ya bei itabidi ifanywe upya. Kwa ovari yatabaki yale maswali ambayo wanawake 14 wa Bethesda walisaidia kuyaweka wazi: askari ataishi muda gani, atapitia wapi, na akifika atamtambuaje adui.